Ibada ya binafsi kila siku: namna ya kuianza na kuidumisha ukiwa mtu wa kazi

Maswali ni yale yale. Niamke saa ngapi? Nianzie kitabu gani? Mbona nikifumba macho kuomba nasinzia? Mbona Januari naanza na moto, Februari sipo? Anayeuliza huwa ni mtu aliyeokoka karibuni, au aliyepata kipaimara zamani na sasa anataka kurudi, na anadhani wenzake wana siri waliyomficha. Hakuna siri. Kuna saa, mahali, kiasi kidogo cha kusoma, na kurudi tena kesho yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayewahi daladala, anayefungua duka, anayekwenda shambani au anayelea watoto. Tunaanza na dakika 15. Ukiziona chache, anza nazo hivyo hivyo. Anayeanza na saa nzima huacha upesi, kwa sababu saa nzima inadai usingizi, nafasi na mazoea ambayo bado hana.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

Biblia ya karatasi. Tafsiri ya Union Version ya 1952 ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi, na mistari ambayo watu wameishika kichwani ni ya humo. Ina Kiswahili cha pwani cha zamani ambacho kitakukwamisha hapa na pale. Tafsiri ya Habari Njema ni nyepesi zaidi. Ukiwa nazo zote mbili, soma Union, na ukikwama ufungue Habari Njema mahali pale pale. Mkatoliki atakuwa na Biblia ya vitabu 73 badala ya 66. Hatua hazibadiliki, ila anaweza kufuata masomo ya misa ya siku badala ya mpango ulio hapa chini.

Kama Biblia uliyo nayo iko kwenye simu tu, zima data kabla ya kuifungua, si baada ya ujumbe wa kwanza kuingia.

Daftari dogo la shule na kalamu inayoandika. Tochi au taa ndogo ya sola, maana umeme hukatika hata alfajiri. Saa ya alamu, ya bei ndogo tu, ili simu ilale mbali na kitanda.

Na mwenzako mmoja wa maombi, wa jinsia yako, kutoka jumuiya au kanisani kwako, atakayekuuliza kila wiki umefika wapi. Awe anayetunza siri. Usimchague kwa sababu anaomba kwa sauti kubwa.

Hatua

1. Ifungamanishe saa yako na jambo unalolifanya tayari.
"Nitaomba asubuhi" haitoshi, kwa kuwa asubuhi ni ndefu na ina mambo mengi. Sema: "Nikishanawa uso, kabla sijawasha jiko." Au: "Nikishafungua duka, kabla mteja wa kwanza hajaja." Au: "Watoto wakishaondoka kwenda shule." Marko 1:35 inamwonyesha Yesu akiondoka alfajiri na mapema kwenda mahali pasipo na watu, na ndiyo sababu wengi hupenda saa 11 alfajiri. Lakini Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na hakuna aya inayosema ibada ya saa 4 asubuhi haifiki. Chagua saa utakayoiweza hata siku mbaya.

Onyo: usianze kuamka saa mbili nzima kabla ya kawaida yako. Rudisha alamu nyuma kwa dakika 20, na ulale mapema kwa dakika 20 hizo hizo. Aliyekesha akitazama mpira hataamka, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

2. Andaa usiku.
Weka Biblia mezani ikiwa wazi kwenye sura ya kesho, daftari juu yake, kalamu ndani ya daftari. Alamu uiweke mahali ambapo lazima usimame ili uizime. Kazi hii ni ya dakika 2 tu, lakini ndiyo inayoamua mambo: mtu mwenye usingizi hatafuti kalamu, anarudi kitandani.

3. Chagua kitabu kimoja na ukimalize.
Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi kuliko Injili nyingine tatu, na mambo yake yanakwenda mbio. Ukisoma mistari 20 hivi kwa siku, unaimaliza kwa wiki tano. Ukitoka hapo, soma Zaburi moja kila siku. Ziko 150, kwa hiyo ni miezi mitano.

Baada ya hapo chukua Agano Jipya lote. Sura zake ni 260. Ukisoma sura moja kila siku ya kazi, siku 5 kwa wiki 52 ni 260 kamili, umelimaliza kwa mwaka. Jumamosi ni ya kufidia uliyoruka, Jumapili unasikiliza lililohubiriwa.

Makosa mawili huwaangusha wengi hapa. La kwanza ni kuanza Mwanzo 1 ukikusudia kwenda moja kwa moja. Mwanzo inasomeka kwa raha, na Kutoka nayo hadi Mlima Sinai. Ukifika sura ya 25 yanaanza maelezo ya hema ya kukutania: mbao, vitako, mapazia, pete. Kisha Mambo ya Walawi. Hapo Biblia nyingi hufungwa. Sura hizo zina hazina yake, lakini zinamfaa mtu aliyekwisha kuzijua Injili na Waebrania. La pili ni kuukimbilia mpango wa Biblia nzima kwa mwaka. Sura zote ni 1,189, yaani tatu na kidogo kila siku; siku nne tu za ugonjwa zinakuachia deni la sura 13, na deni la namna hiyo humfanya mtu aione Biblia kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Na acha kufungua popote ukiweka kidole. Neno la Mungu halichezwi bahati nasibu.

4. Nyamaza dakika moja, kisha soma mara mbili.
Kaa na mgongo wima, miguu chini. Sema sentensi moja, kwa mfano: "Bwana, nipo, nifundishe." Kisha soma mara ya kwanza kimya ili ujue habari. Mara ya pili soma midomo ikitembea, polepole, ukisimama kwenye neno lolote linalokugusa au usilolielewa. Kusoma kote kunachukua dakika 7.

Tuchukue Marko 4:35–41, habari ya dhoruba. Union inasema palikuwa na "vyombo vingine" pamoja naye. Hivyo ni vyombo vya majini, si sufuria na sahani. Yesu alikuwa katika "shetri", yaani upande wa nyuma wa chombo, panapokaa usukani. Na alikuwa "amelala juu ya mto", ambao ni mto wa kuwekea kichwa, si mto wenye maji. Msomaji anayepita haraka hubaki na picha iliyovurugika na hajui kwa nini habari haimwingii.

Dhoruba hii Mathayo na Luka nao wameisimulia, lakini mto ule anautaja Marko peke yake. Kaa nao kidogo. Bwana amechoka kiasi cha kulala huku maji yakijaa chomboni. Sasa sikiliza wanafunzi walimwambia nini. Kwa Marko hawakumwomba atulize bahari. Walimwuliza kama si kitu kwake kwamba wanaangamia. Ni maneno ya watu waliokwazika, yana lawama ndani yake, na bado aliamka, akaiambia bahari inyamaze, kukawa shwari kuu. Kwa hiyo siku ambayo huna sala nzuri, mpelekee hiyo mbaya uliyo nayo.

Aya saba hizo zinatosha siku nzima. Ukizipata hivyo, acha sura iliyobaki, ipo kesho.

5. Andika mistari mitatu.
Tarehe juu, kisha: *Nimeona. Swali. Leo.* Dakika 2. Kwa habari hiyo ya dhoruba inaweza kuwa hivi:

Nimeona: Yesu alikuwa ndani ya chombo kile kile kilichokuwa kikijaa maji.
Swali: kwa nini aliwauliza juu ya woga wao baada ya bahari kutulia, si kabla?
Leo: nitampigia mwenye nyumba kabla ya saa 4 nimweleze kodi itachelewa, nisimkwepe tena.

Mstari wa "Leo" uwe na tendo, mtu na saa. "Leo nitakuwa na imani zaidi" hauna pa kushika. Jioni huwezi kujua kama umeutimiza. Swali usilolipata jibu lipeleke kwa mchungaji, katekista au kikundi cha Biblia. Usiliache lioze.

6. Omba dakika 5, kwa mpangilio.
Tumia Baba Yetu kama boma la nyumba, ukijaza chumba kimoja kimoja. Jina lako litukuzwe: msifu kwa jambo moja ulilosoma leo. Ufalme wako uje: taja kanisa lako, kijiji au mtaa wako, nchi yako. Riziki: taja hitaji la leo, la leo tu. Utusamehe: taja dhambi kwa jina lake, kisha mtaje aliyekukosea. Usitutie majaribuni: taja mahali unapojua utakutana na jaribu kabla ya jua kuzama.

Majina ya kuwaombea yagawe kwa siku, yasizidi matano kila siku: Jumatatu nyumbani, Jumanne wagonjwa, Jumatano kazini, Alhamisi viongozi na watumishi, Ijumaa wasiomjua Kristo. Andika ombi na tarehe upande wa kushoto wa daftari. Upande wa kulia uache wazi kwa ajili ya lililotokea, liwe ulilotaka au tofauti. Baada ya miezi sita soma upande huo wa kulia.

Onyo: usiige sauti ya mhubiri wa redioni ukiwa peke yako. Zungumza Kiswahili chako cha kila siku, au lugha ya mama yako. Yesu aliposema uingie chumbani na kufunga mlango (Mathayo 6:6) alikuwa akimwondolea mwombaji watazamaji.

7. Toka na mstari mmoja.
Mstari mmoja kwa wiki. Uandike kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachoingia mfukoni. Jumatatu na Jumanne usome kwa sauti mara 10. Jumatano funika nusu. Kufikia Ijumaa useme wote bila kutazama, pamoja na kitabu, sura na aya, kwa kuwa mstari usiojua ulipo huwezi kuurudia ukiuhitaji. Kwenye foleni ya maji au katikati ya msongamano wa magari unaurudia. Anza na Maombolezo 3:22–23, Zaburi 119:11, Wafilipi 4:6 na 1 Yohana 1:9. Mwezi wako wa kwanza umejaa.

8. Weka vituo viwili katikati ya siku.
Saa 7 mchana, na unapokaribia mlango wa nyumbani jioni. Dakika moja moja. Cha mchana: je, nimefanya lile la "Leo"? Cha jioni: naingia nyumbani na hasira ya nani?

Hapa ndipo ibada inapokutana na kazi, na hapa ndipo tungependa mtu akazie kuliko hatua zote. Aliyesoma Mithali 11:1 asubuhi na mizani yake ya sukari imechezewa, airekebishe mizani leo, asisubiri mahubiri. Aliyekopa akajificha, apige simu. Aliyemtolea mfanyakazi wa ndani maneno makali amwombe radhi, mbele ya wale wale waliosikia. Mathayo 5:23–24 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Ukipuuza hili, kusoma kutaendelea lakini kuomba kutakuwa kugumu, na utaanza kutafuta sababu mahali pengine.

9. Funga siku.
Dakika 3 kitandani, taa imezimwa. Shukuru kwa mambo mawili yenye majina, ungama moja, lala. Kama mna familia, kabla ya hapo iwepo ibada ya nyumbani ya dakika 10 zisizozidi: wimbo mmoja, aya sita hadi nane, mtoto mmoja aulize swali, mtu mmoja aombe. Baba au mama akihubiri dakika 40, watoto wanajifunza kwamba Mungu anachosha.

10. Wiki na mwezi.
Jumapili kanisani, siku ya jumuiya kwenye jumuiya, na mwenzako wa maombi mara moja kwa wiki, hata kwa simu ya dakika 10. Kiongozi wa kwaya na mwalimu wa Jumapili waangalie hapa: kusoma kwa ajili ya kufundisha si ibada yako. Tenganisha hayo mawili.

Kufunga kuanze na mlo mmoja, mara moja kwa mwezi. Ruka chakula cha mchana, kunywa maji, na muda wa mlo huo uutumie kuomba. Bila hivyo umekaa na njaa tu. Kama hunyimi mwili wako chai au kahawa siku yoyote, punguza siku mbili kabla, la sivyo kichwa kitauma mpaka ushindwe kuomba. Ukifungua, anza na uji mwepesi au tunda, usianze na nyama ya kukaanga. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na yeyote anayetumia dawa za kila siku asifunge chakula bila kuzungumza na daktari. Anaweza kufunga simu na televisheni. Na dawa haziachwi kwa ajili ya mfungo wala kwa ajili ya maombi, hata akuambiaye ni mtumishi mkubwa.

Neno moja la kando: anayekutoza pesa ili akuombee, au anayekuuzia maji na mafuta ya muujiza, usimfuate. Sala hailipiwi.

Mambo yakienda mrama

*Nasinzia.* Omba umesimama au ukitembea uani, kwa sauti ya chini. Ukisinzia wiki nzima, tatizo ni saa unayolala, si roho yako.

*Mawazo yanahama.* Weka karatasi pembeni. Likija "nimesahau kununua gesi", liandike na urudi. Usipigane nalo.

*Nimeruka siku nne.* Hizo ni nyingi kwa Jumamosi moja, usilipe. Anza leo na sura ya leo, zile ulizoruka utazikuta mwaka ujao. Mwambie mwenzako wa maombi siku hiyo hiyo, kwa sababu aibu ya siku nne ikifichwa huwa miezi minne.

*Tunalala watu watano chumba kimoja.* Chumba kile cha Mathayo 6:6 kinaweza kuwa njia ya kwenda kituoni. Soma jioni kwa tochi, omba asubuhi ukitembea.

*Nina mtoto mchanga.* Zaburi moja wakati wa kunyonyesha, ya kusikiliza kwenye simu kama mikono haina nafasi. Hiyo ni ibada kamili kwa miezi hii. Zaburi 131 ina aya tatu tu, na inamzungumzia mtoto kifuani mwa mama yake.

*Nafanya zamu ya usiku.* Ifanye ukiamka, hata kama ni saa 8 mchana. Ukiiweka baada ya zamu, macho hayatakuruhusu.

*Dhambi ile ile kila wiki.* Ungama kwa Mungu (1 Yohana 1:9), kisha kwa yule mwenzako (Yakobo 5:16), kisha ondoa njia inayokupeleka. Kama ni kubeti, futa programu na mpe mtu unayemwamini akutunzie pesa ya wiki. Kama ni baa, badilisha barabara ya kurudi nyumbani. Kutubu bila kubadilisha barabara huchosha moyo haraka.

*Sihisi chochote.* Endelea na kiasi kile kile, usiongeze wala usipunguze. Omba Zaburi ya 13, na ikizidi, ya 88, ambayo inaishia gizani bila kujibiwa na bado imo ndani ya Biblia. Lakini kama hulali, huli, na huoni sababu ya kuishi, na hali hiyo imepita wiki mbili, nenda hospitali na umwambie mchungaji wako. Ukiona unataka kujidhuru, nenda leo hii, usiende peke yako. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Safari ya kwenda mlima Horebu ilikuja baadaye.